Mma Ramotswe wa Gaborone: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu riwaya ya mpelelezi mwanamke

Riwaya ya The No. 1 Ladies' Detective Agency ya Alexander McCall Smith ilitoka mwaka 1998 na imeshazaa vitabu zaidi ya ishirini. Wasomaji wa Kiswahili wanaoikuta kwa mara ya kwanza huuliza mambo yanayofanana: je, ni hadithi ya upelelezi kweli, mbona damu ni kidogo, na huyu mwandishi mzungu aliijuaje Botswana? Nimejaribu kujibu hapa kwa urefu pale penye la kusemwa. Ninataja jinsi kesi mbili tatu ndogo zinavyoisha. Kesi kubwa, ya mtoto aliyepotea, sitaifichua.

Riwaya inahusu nini?

Precious Ramotswe, ambaye watu humwita Mma Ramotswe kwa heshima, ni mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mzaliwa wa Mochudi, kijiji kikubwa kilicho kama kilomita 40 kaskazini mashariki mwa Gaborone. Baba yake, Obed, alitumia ujana wake katika migodi ya Afrika Kusini, akarudi na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi na kundi zuri la ng'ombe. Anapokaribia kufa anamwambia bintiye auze ng'ombe hao afungue biashara: bucha labda, au duka la pombe. Binti anamjibu kwamba atafungua ofisi ya upelelezi. Mzee anatoa macho, anataka kusema neno, na kabla hajalisema roho inatoka.

Basi binti anauza ng'ombe, ananunua nyumba mtaa wa Zebra Drive, na anafungua ofisi chini ya kilima cha Kgale. Vifaa vyake ni kigari kidogo cheupe, meza mbili, viti viwili, simu na taipureta ya zamani. Kuna pia buli la chai na vikombe vitatu: chake, cha katibu wake na cha mteja. Kutoka hapo wateja wanaingia mmoja mmoja, na kila mmoja analeta shida yake.

Kuna Mma Ramotswe wa kweli?

Hakuna. Ila mwandishi amesimulia mara nyingi mahali mbegu ilipoangukia. Alikuwa Mochudi kwa marafiki, akamwona mwanamke mnene aliyevaa gauni jekundu akimkimbiza kuku uani ili awape wageni zawadi. Akamshika, akamnyonga shingo, akamkabidhi. Mwandishi akajiuliza maisha ya mama yule yalikuwaje. Mhusika wetu akatokana na swali hilo, pamoja na umbo lake la mwanamke aliyejaa, ambalo hataki kulionea aibu wala kulipunguza.

Kwa nini watu wanaiita riwaya ya mahali? Si ingeweza kutokea mji wowote?

Isingeweza, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Kuna riwaya nyingi za upelelezi ambazo mji ni pazia tu nyuma ya jukwaa: badilisha majina ya barabara, hadithi inaendelea vilevile. Hii ukiitoa Botswana, kesi hazitatatulika, kwa sababu mpelelezi anatumia nchi yenyewe kama chombo cha kazi.

Angalia hesabu. Botswana ina eneo linalokaribiana na la Kenya, lakini wakati kitabu kinatoka ilikuwa na watu kama milioni 1.6 tu. Sehemu kubwa ya nchi ni Kalahari, kwa hiyo watu wamejazana upande wa mashariki, kando ya reli na barabara kuu inayotoka Lobatse kupitia Gaborone kwenda Francistown. Katika nchi ya namna hiyo ni vigumu mtu kujificha. Ukimtaja jina la ukoo, yupo anayejua kijiji chao. Ukikijua kijiji, yupo shangazi anayejua aliolewa na nani, aliachwa lini na ng'ombe wa mahari walikwenda wapi. Mma Ramotswe hana maabara wala mtu wa kumpa siri za polisi. Ana mtandao wa undugu na salamu, na anajua namna ya kuuingia kwa adabu.

Halafu kuna maisha ya makao matatu. Kwa desturi, familia ya Kitswana ina nyumba kijijini, shamba mahali pengine, na kambi ya mifugo mbali zaidi porini. Mfanyakazi wa ofisi Gaborone hufunga safari mwisho wa wiki kwenda kuona ng'ombe wake. Kwa mpelelezi maana yake ni kwamba mtu asiyeonekana mjini hajapotea bado. Huenda yuko kambini. Na anayedai alikuwa kambini, yupo mchungaji wa kumuuliza.

Historia nayo imo. Botswana ilipata uhuru tarehe 30 Septemba 1966 ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na inasemwa ilikuwa na kilomita 12 tu za lami. Mwaka uliofuata almasi zikagunduliwa Orapa, na mwaka 1982 ukafunguliwa mgodi wa Jwaneng. Gaborone yenyewe ni mji uliojengwa karibu kutoka patupu katika miaka ya 1960, kwa kuwa mpaka wakati huo nchi hiyo ilitawaliwa na Waingereza kutoka Mafeking, mji ulio nje ya mipaka yake. Kwa hiyo watu wanaoingia ofisini kwa Mma Ramotswe ni kizazi kilichohama kutoka kijijini hadi benki, bima na magari ya Mercedes-Benz ndani ya miaka thelathini. Wanazo hela, lakini wanaulizana bado nani ni mwema. Karibu kila kesi inazaliwa katika mwanya huo.

Anatatuaje kesi bila bunduki na maabara?

Bunduki anayo, ya marehemu baba yake, na anaitumia mara moja: mume wa mtu amepotea siku ya ubatizo mtoni, na waumini wenzake wanatoa maelezo yasiyoeleweka. Mma Ramotswe anaazima mbwa, anamfunga ukingoni usiku, anasubiri. Mamba anatokea. Ndani ya tumbo la mamba anakuta saa ya mkononi, na mke anaitambua. Kesi imekwisha. Wapo wanaoiona kesi hiyo ya kikatili. Mimi naiona kuwa ya haki kwa mazingira yake, kwa sababu kwenye mto wenye mamba swali la kwanza la mwenyeji yeyote ni mamba.

Lakini kesi inayomwonyesha kikamilifu ni ile ya mwanzo kabisa. Happy Bapetsi ana kazi nzuri benki na nyumba yake mwenyewe. Siku moja anatokea mzee mlangoni, anasema ni baba yake aliyetoweka zamani. Binti anampokea kama inavyopasa. Mzee anakaa, anakula, anatumwa hatumiki, anataka chai, anataka nyama, anataka mto wa mgongoni. Mwezi unapita, mwingine unaingia, na binti anaanza kuhisi kuwa huyu si baba yake. Atamfukuzaje, na kama ndiye?

Mma Ramotswe haendi kutafuta vyeti. Anavaa sare ya nesi, anaipaka damu kidogo, anakwenda kwa mzee mbio: binti yako amepata ajali mbaya, anahitaji damu ya mzazi, nyingi sana, na huenda wewe mwenyewe usipone baada ya kuitoa. Mzee anakiri papo hapo. Baba halisi alishakufa, na huyu alichukua karatasi zake.

Msomaji wa kwetu anaitambua hukumu hiyo mara moja, maana ina ukoo na ile ya Nabii Suleiman na mama wawili waliogombea mtoto. Kinachonigusa zaidi ni kwamba hila hii inasimama juu ya jambo ambalo jamii nzima inakubaliana nalo: mzazi hutoa damu. Mpelelezi hakuhitaji kumjua mtu huyu. Alihitaji kujua mzazi ni nani. Hayo ndiyo maarifa yake, na hayafundishwi chuo cha polisi.

Kwa nini mpelelezi ni mwanamke? Ni mtindo tu?

Mwanasheria anayeshughulikia mirathi anamwuliza kama mwanamke anaweza kuwa mpelelezi. Jibu lake ni kwamba wanawake ndio wanaojua kinachoendelea, wao ndio wenye macho, na anamtajia Agatha Christie. Ni jibu zuri, lakini riwaya inatoa jingine lenye kina zaidi, na wengi wanaosoma haraka hulipita.

Mama yake Precious aligongwa na treni usiku, binti akiwa mchanga. Aliyemlea ni binamu wa baba yake, kwetu tungemwita shangazi, mwanamke aliyeachwa na mumewe kwa sababu hakuzaa. Shangazi huyu hakusoma sana, lakini alimfundisha mtoto kuhesabu na kutazama. Wakitembea humwuliza: tumepita mbuzi wangapi? Yule mtu alivaa nini? Kulikuwa na nini mlangoni? Mpaka anaanza shule, mtoto ana kumbukumbu kama sanduku lililopangwa. Kazi yake ya kwanza anaifanya ofisini kwa kampuni ya mabasi, na huko anagundua hesabu zinachezewa. Hajaitwa mpelelezi bado.

Kwa hiyo ofisi iliyo chini ya Kgale ilianza na mwanamke ambaye jamii ilimwona hana kitu cha kutoa. Naamini hilo ni moja ya mambo mazuri zaidi kitabuni, na mwandishi amelisema bila kupiga kelele.

Upo pia uzoefu wa ndoa. Precious aliolewa na mpiga tarumbeta mwenye sura nzuri, Note Mokoti, aliyempiga. Mtoto wao alikufa siku chache baada ya kuzaliwa. Mteja wa kike anapokuja kusema anamshuku mumewe, anayemsikiliza upande wa pili wa meza hajasoma mambo hayo kitabuni.

Wahusika wengine muhimu ni kina nani?

Mma Makutsi, katibu, aliyepata asilimia 97 katika mtihani wa chuo cha makatibu na hataki mtu asahau hilo. Mr J.L.B. Matekoni, fundi na mwenye gereji iitwayo Tlokweng Road Speedy Motors, mtu mwema kupita kiasi anayempenda Mma Ramotswe. Barabara ya Tlokweng ipo kweli: inatoka Gaborone, inavuka mto Notwane hadi Tlokweng, makao ya Batlokwa, watu wa yule chifu Gaborone ambaye mji mkuu umechukua jina lake, kisha inaendelea hadi mpaka wa Afrika Kusini.

Nimesikia ni hadithi tamu na nyepesi. Hakuna uovu?

Upo, na si mdogo. Katikati ya kesi za waume na mabinti, barua inafika kutoka kwa mwalimu wa kijijini ambaye mwanawe mdogo ametoweka. Baadaye fundi Matekoni anakuta ndani ya gari la mteja kifuko cha dawa za kienyeji chenye kitu kinachofanana na mfupa wa kidole. Gari linahusiana na tajiri mmoja ambaye watu wanaogopa hata kumtaja. Kuanzia hapo chai inapoa.

Mauaji ya kutafuta viungo vya binadamu kwa ajili ya dawa ya utajiri au madaraka si jambo ambalo mwandishi amelibuni ili kuwatisha wageni. Novemba 1994, msichana wa miaka 14 alipotea Mochudi hapohapo, na mwili wake ulipatikana umekatwa viungo. Watu waliamini wakubwa wanalindwa. Wanafunzi wakaandamana, ghasia zikafika Gaborone mwanzoni mwa 1995, na serikali ikaita wapelelezi wa Scotland Yard kutoka Uingereza. Riwaya iliyotoka miaka michache baadaye, yenye shujaa mzaliwa wa Mochudi, haikuhitaji kumweleza msomaji wa Botswana ni hofu gani inayozungumzwa.

Msomaji wa Tanzania naye hahitaji maelezo. Tunayakumbuka mauaji ya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa, yaliyotikisa nchi mwishoni mwa miaka ya 2000, mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Tunakumbuka pia vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu. Nimeona wasomaji wakisoma sura za mwanzo kwa kicheko na kuzisoma sura za kifuko cha dawa wakiwa kimya. Kitabu kinafanya vizuri kuwaonyesha pia watu wema wanaoogopa. Hofu ya majirani ndiyo inayomlinda muuaji wa aina hii, na Mma Ramotswe mwenyewe anaogopa kabla hajaamua kwenda.

Mwandishi ni mzungu wa Scotland. Kwa nini tumsome akisimulia maisha ya mwanamke Mwafrika?

Swali hili ni la haki na sipendi linapojibiwa kwa hasira, upande wowote.

Alexander McCall Smith alizaliwa mwaka 1948 Bulawayo, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Alikuwa profesa wa sheria za tiba Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifanya kazi Botswana akisaidia kuanzisha masomo ya sheria katika chuo kikuu cha huko. Kitabu kilitolewa kwanza na Polygon, wachapishaji wadogo wa Edinburgh. Kwa hiyo si mtalii aliyepita siku tatu. Barabara, salamu, namna ya kugonga mlango wa mtu na kumngoja: hayo anayajua, na anayaandika kwa heshima. Pia aliamua kuandika nchi ya Kiafrika inayofanya kazi, yenye rais wa kwanza, Sir Seretse Khama, ambaye watu wake wanamkumbuka kwa fahari. Mwaka 1998 vitabu vya namna hiyo kutoka kwa waandishi wa Ulaya vilikuwa vichache.

Lakini ana mambo aliyoyafunika kwa shuka. Botswana ya mwaka 1998 ilikuwa moja ya nchi zilizoumizwa zaidi na UKIMWI duniani. Watu walizika kila Jumamosi. Mwaka 2002 serikali ikaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, hatua kubwa ambayo nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazijaifikia. Katika riwaya hii ya kwanza msiba huo haupewi nafasi unayostahili. Basarwa nao, watu wa Kalahari waliohamishwa kutoka ardhi yao wakati huohuo, wanaonekana kwa mbali tu. Na uzuri wa mila unasifiwa mara nyingi bila kuuliza mila hizo zilimgharimu nini yule shangazi aliyeachwa.

Ninachoshauri ni kumsoma pamoja na Unity Dow. Yeye pia ni wa Mochudi, aliyezaliwa 1959. Mwaka 1992 alishinda kesi maarufu dhidi ya Mwanasheria Mkuu iliyowapa wanawake wa Botswana haki ya kurithisha watoto wao uraia, na mwaka 1998, mwaka uleule wa riwaya yetu, akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu nchini humo. Riwaya yake ya The Screaming of the Innocent ilitoka mwaka 2002. Inahusu msichana aliyeuawa kwa ajili ya dawa, na binti kijana wa huduma ya taifa, Amantle, anayekuta boksi lenye nguo zake katika zahanati ya kijiji. Hakuna buli la chai la kukutuliza. Ukisoma vitabu hivi viwili kwa kufuatana utaiona Mochudi moja kwa macho mawili, na utajua mwenyewe kila mmoja amesogeza nini na ameacha nini.

Tunao kina Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango. Anafanana na yupi?

Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ndiye wa karibu zaidi. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960, na ndani yake upelelezi unakwenda kwa mazungumzo, kwa kufikiri na kwa kuijua Zanzibar na koo zake. Bwana Msa anavuta kiko, Mma Ramotswe anakunywa chai, na wote wawili wanamwacha mwongo aongee mpaka achoke.

Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa ni watu wa ndege, bastola na njama za nchi kwa nchi. Nawapenda, na walifundisha kizazi kizima kusoma. Ila wanawake katika hadithi zile mara nyingi ni chambo, adui mzuri wa sura, au msaidizi. Nuru wa Joram Kiango ana akili na ujasiri wa kutosha kufungua ofisi yake, na hakufunguliwa. Ningependa kusoma riwaya ambayo Nuru anapewa ufunguo wa mlango na jina lake linaandikwa juu yake.

Kiingereza chake ni kigumu?

La. Sentensi ni fupi na safi, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anayejisomea ataimudu. Mma ni namna ya kumwita mwanamke kwa heshima, Rra ni kwa mwanaume. Chai anayokunywa ni rooibos, chai nyekundu ya Afrika Kusini isiyo na kafeini.

Inafaa kwa vijana?

Kuanzia miaka 14 hivi, ndiyo. Kuna kipigo cha ndoa, kifo cha mtoto mchanga na ile kesi ya dawa, kwa hiyo mzazi au mwalimu awe tayari kuzungumza. Kesi ya Nandira, binti wa mfanyabiashara Mhindi ambaye baba yake anamlipa mpelelezi amfuatilie mitaani, huzua mjadala mkali darasani. Binti anagundua anafuatwa na anaamua kumchezea mpelelezi. Mma Ramotswe anarudi kwa baba na kumwambia kinachohitajika ni uhuru wa binti. Wazazi wengi hawakubaliani naye. Waacheni wabishane.

Nianze na kitabu kipi, na lazima nifuate mpangilio?

Anza na hiki cha 1998. Kinachofuata ni Tears of the Giraffe cha mwaka 2000, kisha Morality for Beautiful Girls cha 2001. Kesi za kila kitabu zinaisha humohumo, lakini maisha ya wahusika yanaendelea, na ukiruka utajua nani kamwoa nani kabla hujastahili kujua. Vitatu vya kwanza ndivyo vyenye nguvu zaidi kwa maoni yangu. Baadaye upelelezi unapungua na mazungumzo yanaongezeka; wapo wanaopenda hivyo.

Kuna filamu?

Ipo. Anthony Minghella aliongoza filamu iliyopigwa Botswana kwenyewe, nayo ikaonyeshwa na BBC One tarehe 23 Machi 2008, siku chache tu baada ya yeye kufariki. Mwaka 2009 ukafuata mfululizo wa BBC na HBO. Jill Scott, mwimbaji wa Marekani, ndiye Mma Ramotswe. Anika Noni Rose ni Mma Makutsi. Kwetu kuna jambo la kujivunia: Mr J.L.B. Matekoni amechezwa na Lucian Msamati, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza na wazazi Watanzania na kukulia Zimbabwe. Utulivu wake, ile namna ya kushusha macho kabla ya kusema jambo la moyoni, ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika mfululizo mzima. Idris Elba yupo pia, kama Charlie Gotso, tajiri anayeogopwa.

Kasoro yake: filamu imezifanya kesi kuwa za haraka na za kuchekesha zaidi ya kitabu, na mhusika mpya, msusi wa jirani, ameongezwa ambaye riwaya haimjui. Soma kwanza.

Naweza kutembelea mahali penyewe?

Kilima cha Kgale kipo na kinapandwa, hasa asubuhi kabla ya jua kali. Kina urefu wa mita 1,287 kutoka usawa wa bahari, na nyani wake hawaogopi mfuko wa chakula. Main Mall, njia ya maduka ya katikati ya mji ambako Mma Ramotswe huwafuatilia watu, nayo ni ya kweli, na baraza ya President Hotel inaitazama kutoka juu.

Ila kama una siku moja tu, nenda Mochudi. Juu ya kilima cha Phuthadikobo kuna jengo la shule waliyojijengea wenyewe Bakgatla, wenyeji wa Mochudi, miaka ya 1920, na leo ni makumbusho. Katika riwaya, Precious anasoma shule iliyo juu ya kilima hicho. Ukisimama pale unakiona kijiji chote chini: mapaa, vijia, nani anatoka kwa nani. Ukikulia mahali ambapo shule inakaa juu ya maisha ya watu wote namna ile, kujifunza kutazama ni jambo la kila siku.

Nisome nini baadaye katika aina hii?

Ukitaka mpelelezi mwanamke mwingine wa Afrika, mtafute Emma Djan wa Kwei Quartey, katika The Missing American ya mwaka 2020. Yuko Accra, anatoka polisi akiwa ameumizwa na mkubwa wake na kuingia ofisi ya upelelezi binafsi, na kesi yake inaanzia kwa matapeli wa intaneti. Ni kali zaidi na ya mjini zaidi.

Ukitaka kujua aina hii ilikotokea, rudi Marekani. Marcia Muller alimleta Sharon McCone wa San Francisco mwaka 1977, na mwaka 1982 wakatoka wawili kwa mpigo: Kinsey Millhone wa Sue Grafton huko California, na V.I. Warshawski wa Sara Paretsky huko Chicago. Huyo wa Chicago ndiye ningekupa kwanza, maana anaujua mji wake, viwanda vyake na vyama vyake vya wafanyakazi kama Mma Ramotswe anavyojua kambi za ng'ombe.

Na kama swali lako ni lini tutapata mpelelezi mwanamke wa kwetu, kwa Kiswahili, aliyefungua ofisi Tanga au Kisumu au Bukavu, anayejua bei ya nazi, saa ya dala dala ya mwisho na nani alihudhuria arusi ya nani: namsubiri pia. Anayemwandika sasa hivi asiogope kwamba mtaa wake ni mdogo mno. Aanze na kesi ya jirani.